Pointi za Yaya Gloriose Zimekuwa Maili

Uvira, Kimanga, tarehe 11 Februari 2024

Yaya Gloriose,

Kama Dakar imekuamusha vizuri, siye huku nasi tumeamuka. Mama iko, anakusalimia. Alisema niandike jina lake mbele ya wote, basi nimeandika. Dada yetu Belyse iko, anashona robe za watu kule Kasenga na anazungumuza ndoa yake mupaka masikio inatuuma. Ziwa limepanda tena. Maji imefika nyuma ya nyumba ya baba mudogo Frédéric, amehamisha mbuzi wake mu salon, na sasa mbuzi inakataa kutoka juu imeona televizyo. Minye niko mu kabutiki kangu: fotokopi, kuchaji simu, kufungulia watu email. Biashara inatembea kama bata, lakini inatembea.

Nakuandikia barua muzima mu email, juu mu WhatsApp unasoma, alama mbili za bluu, halafu kimya. Sawa. Barua haina alama ya bluu.

Sasa kaa chini, usikie. Jumamosi tarehe 15 Juni tunaganduka! Wazee wamekubaliana. Itakuwa mwaka tangu tulimuzika Baba, na unajua kwetu, mupaka siku ya kuganduka matanga haijaisha. Mama anavaa kitambaa cheusi ku kichwa, siye wengine ku mukono. Belyse haolewi. Na kile kipande cha shamba la Kiliba chenye Baba alilima ya mwisho, hakuna muntu anatia jembe mule. Jembe la kwanza ni la muzaliwa wa kwanza. Na muzaliwa wa kwanza, njo weye.

Kwa maziko ulikosa juu tiketi ya haraka ilikuwa bei ya ng'ombe. Hakuna mwenye alikukasirikia. Lakini sasa minye nimepata njia! Unakumbuka ile karte ya hoteli nilikufungulia minye mwenyewe, wakati kazi yako ya frigo za chanjo ilianza kukutembeza Lomé, Niamey, Conakry? Kila usiku ulilala, pointi ziliingia. Jana nimeangalia: elfu makumi tisa, Yaya! Zimekaa tu, zimenona. Na pointi za hoteli unaweza kuzigeuza maili za ndege, na maili zinalipia tiketi. Dakar mupaka Bujumbura, halafu siye tunakungoja pa mupaka Kavimvira na moto mbili, pikipiki za hapa, moja yako, moja ya valizi zako za nguo. Nimejifunza hii mambo yote mu video, mupaka megabayti zilinililia.

Sema tu ndiyo. Kazi yote nafanya minye.

Mudogo wako, directeur wa pointi,
Bertrand


Dakar, tarehe 3 Machi 2024

Mudogo wangu Bertrand,

Barua yako imenichekesha, na siku hizi kucheka ni dawa. Salimia Mama, muambie nakula vizuri. Salimia Belyse. Salimia na ile mbuzi. Huku upepo unatuletea muchanga mu chakula, lakini tuko. Agathe, ule mama wa Bukavu mwenye tulikuwa tunafanya naye kazi, anawasalimia, niko kwake leo.

Juu ya pointi: hapana. Usizigeuze. Niliulizia hii mambo zamani, mbele yako. Pointi tatu zinatoa maili moja. Muntu anakamata kilo tatu za muchele wako, anakurudishia moja, na weye unamuambia asante? Pointi za hoteli zinakuwa na nguvu kama zinabaki ku hoteli. Zikitoka, hazirudi tena.

Halafu niko na mupango nazo. Usiniulize mupango gani.

Kwa Juni, naona. Sijasema hapana kwa Juni, nimesema hapana kwa pointi. Usichanganye.

Yaya yako,
Gloriose


Uvira, tarehe 24 Machi 2024

Yaya,

Amani kwako na kwa Agathe. Mama anauliza: huyo Agathe anajua kupika sombe ya majani ya muhogo, ao ni wale wa kuchemusha tu? Mvua imetupiga wiki yote. Muchumba wa Belyse, mwalimu Cyprien, alikuja Jumapili na shati ya pasi, akanyoosha mukono amusalimie Mama kama mukwe wake. Mama akamuambia, "Mwanangu, na hiki kitambaa siwezi kukupokea. Ngoja." Akangoja. Akakunywa chai, akaenda. Belyse alilia mu jikoni na akasema ni moshi.

Sasa pointi. Weye unanifundisha hesabu, minye? Najua ni tatu kwa moja! Wale wote wa mu video wanasema vile vile: usigeuze, ni hasara, zilale hoteli. Nakubali. Kama ni biashara, ni biashara ya mupumbavu. Lakini wale wa mu video hawana Mama mwenye kitambaa! Usiku wa hoteli unamusaidia Mama nini? Kitanda cha mito mine, kasabuni mu karatasi, ni starehe, Yaya. Nimesema, unisamehe. Kwetu nani alilalaka hoteli? Baba akifika Bukavu na giza, alikuwa analala kwa muntu wa kanisa.

Na sikia hii. Kampuni ya ndege inaongeza maili kwa wenye watageuza mbele ya mwisho wa mwezi huu. Elfu makumi tatu zako zinakuwa elfu makumi tatu na sita. Na tiketi ya Bujumbura imeandikwa: kuanzia elfu makumi tatu na tano. Inatosha na inabaki! Kama Mungu mwenyewe alikaa na kalkulatri!

Lakini ni mupaka tarehe 31. Jibu mbio. Mbio, Yaya!

Bertrand


Uvira, tarehe 21 Aprili 2024

Yaya mupenzi,

Siku mingi. Wote wazima. Ziwa limeingia sasa mu butiki. Nimepandisha fotokopi ku meza na meza ku matofali, wateja wanavua viatu kama mu musikiti. Baba mudogo Frédéric amesha kuagiza ndizi za kasiksi, anasema kuganduka bila pombe ya ndizi ni mukutano wa wazazi ku shule.

Haukujibu barua ya Machi. Bon. Uko na kazi mingi, najua.

Uliingia mu konti yako ya hoteli siku hizi? Kama haujaingia, usijisumbue, rezo ya internet inachokesha. Weka tu Juni wazi. Kuna kitu kizuri kinakungoja.

Bertrand


Dakar, tarehe 29 Aprili 2024

Bertrand,

Mama iko muzima? Belyse iko muzima? Unijibu juu ya hao kwanza.

Ijumaa nilienda ku hoteli moja ya ile karte, ndogo, ya bei ya chini. Binti wa mapokezi akaniuliza:

"Usiku ngapi, madame?"

"Kumi na mbili. Nalipa na pointi."

Akapiga mashini yake. Akapiga tena.

"Madame, hapa hakuna pointi."

Nikacheka. Nikamuambia aangalie vizuri. Akanigeuzia mashini nione mwenyewe. Tarehe 31 Machi zimetoka zote, zimeenda ku ndege. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Labda ni bwana yako?" Nikamuambia hapana, ni mudogo wangu. Akasema, "Ah. Wadogo." Akaniletea glasi ya maji. Nilikunywa nimesimama, na valizi zangu mbili ku miguu.

Sasa nitakuambia, juu sina tena namna ya kutokuambia. Kontra yangu ya kazi ilikwisha mwisho wa Desemba. Hawakuirudisha. Nyumba ilikuwa ya kazi, nayo ikaenda na kazi. Tangu Januari nalala kwa Agathe, mu chumba ya watoto wake. Ijumaa ile bwana yake alirudi na mama yake mugonjwa, kitanda kikahitajiwa. Nilikuwa najua siku itafika. Njo juu ya hiyo nilikuambia niko na mupango. Zile pointi hazikuwa starehe, Bertrand. Zilikuwa nyumba. Usiku kumi na mbili za mulango wenye natia funguo minye mwenyewe, naoga, napiga nguo pasi, naenda kuuliza kazi kama muntu mwenye ametoka kwake.

Barua yako ya Machi nilisoma. Ile ya mito mine. Sikujibu juu niliona haya. Kama ningejibu, ningesema ukweli. Nayo ni kosa, na ni yangu.

Usimuambie Mama kitu juu ya kazi. Hiyo tu nakuomba. Anawaambia watu wa kanisa kama mwanawe anafundisha inchi sita kutunza frigo.

Gloriose


Uvira, tarehe 2 Mei 2024

Yaya,

Mama iko muzima. Belyse iko muzima. Umesema nijibu hiyo kwanza. Na juu ya kazi yako, Mama hatasikia kitu kwangu, nakuahidi.

Sijui naanzia wapi. Ni minye. Unajua ni minye, lakini wacha nikuandikie: ni minye. Tarehe 31, saa ya mwisho, niliingia na mot de passe, lile neno la siri lenye niliweka minye mwenyewe. Kodi ya kuhakikisha, zile namba za siri, ikafika mu email yenye nilikufungulia minye mwenyewe. Mashini ikaniuliza, una hakika? Mara mbili iliniuliza, Yaya! Nikafinya ndiyo, ndiyo, na nikacheza ka-ndombolo peke yangu mu butiki. Muteja moja alikuwa anangoja fotokopi ya karte ya elektera, ile ya kupigia kura, akaniuliza kama nimeshinda loto.

Nimewaandikia hoteli. Nimeandikia ndege. Nimezungumuza na mashini yenye inajiita Léa. Nimezungumuza na muntu wa kweli. Nimesema dada yangu amelala inje. Akanijibu kwa adabu sana: anasikitika, mageuzi hayarudi nyuma.

Na bado haujasikia ubaya wote. Ile "kuanzia elfu makumi tatu na tano" ni ya kwenda tu. Ya kuja, bila ya kurudi. Ilikuwa imeandikwa chini, herufi ndogo kama mayai ya siafu, na minye mwenye najiita directeur sikushuka mupaka chini. Ningekuleta hapa, uliangushe jembe, halafu ubaki hapa, bila kazi ya huku wala ya kule. Nilitupa nyumba yako nikakununulia nusu ya njia.

Unalala wapi sasa? Umeandika valizi, umeandika glasi ya maji, halafu haukuandika ulienda wapi.

Tangu Jumatatu nimetoka ku kitanda, nalala chini. Mama akaniuliza, "Ni mugongo?" Nikasema ndiyo, ni mugongo. Akanipaka mafuta ya mawese. Kwako haiongezi kitu, najua. Sikuweza tu kupanda kile kitanda.

Nataka kuuzisha fotokopi, nikutumie. Sema ndiyo. Hapana, usiseme kitu, sitafanya tena kitu bila weye kuandika neno lenyewe. Andika neno.

Bertrand


Dakar, tarehe 4 Juni 2024

Bertrand,

Neno ni hapana. Usiuzishe fotokopi. Na panda ku kitanda, mupumbavu weye, Mama atamaliza mawese ya nyumba.

Umeniuliza mara nne mu WhatsApp nalala wapi. Nalala vizuri.

Sikia. Watu wa Abidjan wameniita. Wanatafuta muntu wa frigo za chanjo kwa kaskazini ya inchi yao. Wanataka waone muntu mwenyewe, na mikono yake, mbele ya frigo yenye imekufa. Ni Ijumaa tarehe 14 Juni. Tiketi hawalipi.

Niliingia ku konti ya ndege. Maili zako zilikuwa pale, elfu makumi tatu na sita, zinaniangalia. Kwenda Abidjan ni elfu kumi na mbili. Kurudi, elfu kumi na mbili. Ama Bujumbura, kwenda tu. Siku mbili nilikaa na ile simu. Niliona Kiliba. Niliona Mama. Nikafinya Abidjan.

Kwa hiyo Jumamosi tarehe 15 sitakuwako. Zenye zimebaki hazifikishi hata muguu moja Bujumbura. Weye uligeuza pointi, lakini mwenye amechagua ni minye. Usikamate yote peke yako, hautaweza kubeba.

Musihamishe siku. Belyse amengoja vya kutosha, na yule mwalimu atamaliza shati. Jembe, kamata weye. Kama wazee wanauliza, sema Gloriose ameruhusu. Kama wanauliza juu ya nini sijakuja, sema kazi imenikataza. Hata si bongo yote, si uongo mutupu.

Ya kutomuambia Mama, uliniahidi.

Gloriose


Uvira, tarehe 17 Juni 2024

Yaya,

Siku ilikuwa nzuri, watu walikuwa wengi, kasiksi ilitosha mupaka Frédéric akaanza kuhubiri. Naandika hizi kwanza juu ni za kweli, na juu zenye zinafuata ni nguvu, ni ngumu kuandika.

Asubui kwanza misa. Halafu tukaenda wote Kiliba, tukasimama ku ile kipande. Majani yalikuwa yamepanda mupaka ku magoti. Baba mudogo Frédéric akaita kwa sauti na jina la Baba, kama desturi inataka:

"Muzaliwa wa kwanza wa Térence iko wapi?"

Nikasema vile uliniambia. Kazi imemukataza, ameruhusu nikamate minye.

Unawajua mashangazi. Moja akasema, "Kazi gani haina Jumamosi?" Mwingine akasema, "Muache, amesha kuwa muntu wa hoteli. Muntu wa hoteli atakanyaga matope?" Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, Yaya, walicheka kama watu wenye walikunywa. Lakini wacha nikuambie kitu: hilo neno la hoteli, ni minye nililileta mu hii familia.

Nikakamata jembe. Nikapiga. Wakapiga mikono na vigelegele! "Huyu njo mutoto! Huyu njo amebaki!" Frédéric akanishika bega, akasema tangu leo, kwa mambo ya shamba, watauliza Bertrand. Mbele ya wote. Nikaelewa pale pale. Ahadi ya kunyamaza, uliiomba juu yako, lakini mwenye ilikuwa inafunika ni minye. Kadiri nanyamaza, weye ni mubaya na minye ni muzuri. Nikapiga jembe mara ya pili, ya tatu, nikalisimamisha.

Nikasema, "Ngojeni. Gloriose alikuwa na namna ya kuja. Ni minye niliiharibu. Nilikamata kitu yake bila ruhusa, nikaigeuza. Musimuseme."

Frédéric akauliza:

"Kitu gani?"

"Pointi."

"Pointi ni nini?"

"Ni... muntu akilala sana mu hoteli, wanamuandikia, halafu..."

"Halafu wanamulipa juu amelala?"

Watu wakaanza kucheka tena. Shangazi akasema basi bwana yake angekuwa tajiri. Nilikuwa natafuta neno, nikasema:

"Ni vitanda! Ni kama vitanda vyenye alisha kulipia mbele. Minye nikaviuzisha kwa kutafuta tiketi, na tiketi haikutosha."

Wote wakaendelea na kelele. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa ku kiti ya plastiki, kitambaa ku kichwa, kopo ya kasiksi ku mukono, hajakunywa bado. Akaniangalia.

"Uliuzisha kitanda ya dada yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa analala wapi?"

Yaya, nilikuahidi. Sikusema juu ya kazi, sikusema juu ya Agathe. Nililikamata jembe kama muntu anaanguka. Na hata kama ningetaka kuvunja ahadi, ningejibu nini? Weye mwenyewe umeniandikia "nalala vizuri." Mama alingoja. Hakuuliza mara ya pili.

Akasimama, akaita Belyse, akamutoa kitambaa. Akanitoa changu ku mukono. Akawatoa baba mudogo na mashangazi, moja moja, na akawapatia kila muntu kasiksi akunywe ya kwanza. Cyprien alikuwa kule nyuma, akalia kama mutoto, ile shati ikaharibika. Mupaka wote wakaisha. Frédéric akasema, "Sasa chako, muke wa ndugu yangu." Mama akasema, "Changu kinangoja." Shangazi akasema haiwezekani, kuganduka ni ya wote siku moja. Mama akasema, "Basi niandikeni ku wenye hawakufika." Akakaa.

Kwa hiyo ndoa iko mu Agosti, wazee wamesema kitambaa cha Mama hakiikatazi. Shamba limefunguliwa. Na Mama, leo Jumatatu, bado anavaa kitambaa.

Abidjan ilikuwaje? Ulitengeneza ile frigo? Haujaandika tangu Ijumaa, na minye siulizi, nangoja.

Asubui hii Mama alikuja hapa mu butiki. Maji imeshuka kidogo, lakini bado alivua viatu. Akakaa ku kiti ya wateja, akaniambia, "Andika." Nikauliza, naandika nini, Mama? Akasema nikuulize kitu moja, nisiongeze. Nimeongeza yote hii ya juu, unisamehe. Yake ni hii:

Gloriose, unalala wapi?